Shahrazad Afika London: Santuri ya 1975 na Hadithi Iliyotangulia Kusafiri

Upande wa pili wa santuri hii una wimbo mmoja tu. Unaweka sindano, unakaa, na kwa dakika 24 na ushei huinuki. Mpenzi wa taarabu hatashangaa. Amezoea fidla zikijibizana na kanuni, mwimbaji akingoja zamu yake kwa utulivu, watu wakiinuka kwenda kutunza huku wimbo ukiendelea bila haraka. Lakini Uingereza ya mwaka 1975 redio ilipenda wimbo wa dakika tatu, na upande mzima kwa wimbo mmoja ulikuwa ujeuri. Bendi iliitwa Renaissance. Santuri iliitwa Scheherazade and Other Stories, na mwanamke aliyeipa jina ni yule yule tuliyekutana naye kwenye Alfu Lela Ulela: binti wa waziri aliyeokoa shingo yake kwa kusimulia usiku kucha na kuikatiza hadithi alfajiri, pale panaponoga.

Wanaopanga muziki kwa mafungu huiweka kwenye fungu la roki ya sanaa, roki iliyotaka kusikilizwa kama simfoni na si kuchezwa tu. Sina ugomvi nao. Ila kila nikisoma maelezo yake naona yameanza na bendi, na mimi naona ni heri kuanza na hadithi. Hadithi ndiyo iliyosafiri. Bendi ilikuwa bandari mojawapo, na kila bandari ilimvika Shahrazad nguo za wenyeji.

Muuza vitabu mmoja wa Baghdad, Ibn al-Nadim, aliandika mwaka 987 orodha kubwa ya vitabu vya zama zake. Humo anataja kitabu cha Kiajemi kiitwacho Hezar Afsan, yaani hadithi elfu, na anaeleza kisa cha mfalme aliyekuwa akioa leo na kuua kesho mpaka alipompata Shahrazad. Kisha, kama mhakiki aliyeamka upande mbaya wa kitanda, anasema kitabu chenyewe ni duni na masimulizi yake yamepoa. Hukumu hiyo haikusimamisha chochote. Kiajemi kiligeuka Kiarabu. Baghdad ikaongeza usiku wa Harun al-Rashid na waziri wake Jaafar. Cairo ikatia wafanyabiashara, wezi na wajanja wa mitaa yake. Sindbad wa Basra, ambaye visa vyake vilikuwa na kitabu chao mbali, naye akapakiwa humo baadaye.

Mfaransa Antoine Galland alianza kuchapa tafsiri yake mwaka 1704, na juzuu ya 12, ya mwisho, ikatoka 1717, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Kumbe hadithi ya Aladini na ile ya Ali Baba hazikuwamo kwenye muswada wake wa Kiarabu. Alisimuliwa Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, kijana Mkristo kutoka Aleppo, naye akazipanga pamoja na zile za kale. Waingereza wakatafsiri kutoka Kifaransa hicho, Aladini akawa mchezo wa kuigiza wa majira ya Krismasi, na vizazi vya watoto wa Lancashire na Kent vikakua vikidhani vinaijua Baghdad. Tafsiri maarufu ya Kiingereza ya karne ya 19, ya juzuu 10, ilitoka 1885 kwa mkono wa Richard Burton, yule yule aliyeondoka pwani yetu na mwenzake Speke mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858.

Kwetu hadithi hizi hazikuhitaji kuzunguka Paris. Zilikuja na majahazi, kwa upepo wa kaskazi, zikasimuliwa barazani kabla ya kuonekana kwenye karatasi. Edward Steere aliyakuta Unguja masimulizi ya aina hiyo, ya masultani, majini na paa wasemao, akayachapa 1870. Likafuata toleo la Alfu Lela Ulela lililofasiriwa na Edwin Brenn na kupitiwa na Frederick Johnson, na baadaye ile tafsiri ya Hassan Adam iliyochapwa na Mkuki na Nyota. Nayataja haya kwa sababu msomaji wa Kiswahili anaifikia santuri ya Renaissance akiwa na kitu ambacho wasikilizaji wengi wa London hawakuwa nacho. Kwake neno sultani limo katika historia ya mji, si katika mapambo ya jukwaa.

Shahrazad hakuingia kwenye muziki wa roki kutoka Baghdad wala Paris. Aliingia kutoka Urusi. Kiangazi cha 1888 Nikolai Rimsky-Korsakov, aliyepata kuwa ofisa wa jeshi la majini na kuzunguka bahari akiwa kijana, aliandika kazi ya okestra yenye sehemu nne na kuiita Scheherazade. Mwaka huo huo akaiongoza mwenyewe huko St. Petersburg. Ujanja wake ni mmoja na ni mzuri mno: msimuliaji ni fidla moja. Okestra nzima inanguruma kama sultani aliyekasirika, kisha inanyamaza, na fidla inapanda peke yake, nyembamba, haina pa kukimbilia, ikiungwa mkono na kinubi. Ukisikia hivyo hata bila kuambiwa chochote unajua nani anamwogopa nani. Hapo awali alizipa sehemu zake majina, bahari na jahazi la Sindbad, mtoto wa mfalme na binti wa mfalme, sikukuu ya Baghdad, halafu baadaye akayafuta, akihofia watu watatafuta picha badala ya kusikiliza. Wapi! Majina hayakufutika. Mwaka 1910 kundi la Diaghilev liliuchukua muziki huo jijini Paris likaufanya mchezo wa dansi, na tangu hapo kwa Mzungu wa kawaida Shahrazad alikuwa na sauti: sauti ya okestra ya Kirusi.

Upande mwingine wa nasaba ya santuri hii uko mashambani Uingereza. Mwaka 1903 mwalimu wa muziki Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani mmoja wa Somerset akiimba wimbo wa jadi kazini, akatoa daftari akauandika. Mwishoni mwa mwaka huo huo Ralph Vaughan Williams alifanya vivyo hivyo katika kijiji cha Ingrave, Essex. Wasomi hao walizunguka kwa baiskeli na kalamu wakiwatafuta wazee kabla nyimbo hazijafa nao, na Vaughan Williams akaziingiza kwenye simfoni. Kwa hiyo kuoanisha wimbo wa kijijini na okestra hakukuvumbuliwa na vijana wa nywele ndefu. Babu zao walikuwa wameshafanya hivyo wakiwa wamevaa tai.

Vijana wenyewe walianza mambo yao katikati ya miaka ya 1960. Tarehe 10 Februari 1967 Beatles waliingiza wapigaji 40 wa okestra katika studio ya EMI, barabara ya Abbey Road, wakawaomba wapande kutoka noti ya chini hadi ya juu kila mtu kwa mwendo wake. Mwishoni mwa mwaka huo Moody Blues wakatoa Days of Future Passed, nyimbo zao zikiwa zimeunganishwa na vipande vya okestra chini ya Peter Knight. Wasioweza kulipa okestra walikuwa na meletroni, kinanda ambacho kila kitufe chake kinavuta utepe wenye sauti ya fidla iliyorekodiwa. Utepe huo huenda sekunde nane hivi, kisha unakwisha, na mpigaji lazima ainue kidole urudi mwanzo. Ukijua hilo, unasikia nyimbo nyingi za enzi hiyo zikipumua kila baada ya sekunde nane.

Walioweza kulipa walitaka kuonyesha kwamba wamelipa. Septemba 1969 Deep Purple walipanda jukwaa la Royal Albert Hall na Royal Philharmonic chini ya Malcolm Arnold, kupiga kazi iliyoandikwa na mpiga kinanda wao Jon Lord. Mpiga gitaa, Ritchie Blackmore, hakuupenda mpango ule hata kidogo. Mkumbuke, atarudi. Miezi michache baadaye Fairport Convention walitoa Liege & Lief, nyimbo za jadi kwa gitaa la umeme na ngoma, na okestra haimo kabisa. Njia zikawa mbili: wenye okestra na wenye vijiji. Waliojaribu kupita kote kuwili mara nyingi walijikwaa, maana wimbo wa kijijini ni kitu cha mtu mmoja aliyefunga macho, na okestra ya watu 60 hukielemea kama kabati lililowekwa juu ya kiti cha mtoto.

Renaissance ilianza 1969 kwa wanaume wawili waliochoshwa na kelele. Keith Relf alikuwa mwimbaji wa Yardbirds na Jim McCarty mpiga ngoma wake, bendi ambayo gitaa lake lilipita mikononi mwa Eric Clapton, Jeff Beck na Jimmy Page. Walipoachana na Yardbirds mwaka 1968 walitaka kitu cha taratibu. Wakamchukua dada yake Keith, Jane Relf, aimbe. John Hawken kwenye piano. Louis Cennamo kwenye besi. Albamu ya kwanza ikatoka mwaka huo huo wa 1969, ya pili ikiwa bado mezani bendi ikaanza kumeguka. Safari za maonyesho ziliwashinda. Hadi kufika 1971 karibu kila aliyeianzisha alikuwa ameondoka, na jina likabaki linatafuta wenyewe.

Huu ndio mwujiza mdogo wa habari hii. Bendi nyingi zikibadilisha watu wote hufa zikiwa bado zinatembea. Hii ilizaliwa mara ya pili, safari hii na watu wake halisi. Aliyeimba sasa alikuwa Annie Haslam kutoka Bolton, Lancashire, aliyejibu tangazo gazetini na kujiunga mwanzoni mwa 1971. John Tout alikalia piano, Jon Camp akashika besi, Terence Sullivan ngoma, na Michael Dunford, ambaye tayari alikuwa akiitungia bendi, akarudi na gitaa kavu, lile lisilo la umeme. Mashairi yaliandikwa na mtu ambaye hakupanda jukwaani: Betty Thatcher, mshairi wa Cornwall, rafiki wa Jane Relf. Dunford alimtumia sauti kwenye kanda kwa posta, naye akarudisha maneno kwa posta. Ukizijua kazi zao hilo linaonekana. Maneno yana umbali fulani, kama barua ya mtu anayekaa karibu na bahari na kufika mjini mara chache.

Neno moja zaidi kuhusu gitaa, kwa sababu nadhani ndiko siri ilikokuwa. Kuanzia Ashes Are Burning ya 1973, bendi hii ya roki haikuwa na mpiga gitaa la umeme. Andy Powell wa Wishbone Ash aliazimwa kwa wimbo mmoja wa albamu hiyo, akarudi kwao. Hebu fikiria mwaka 1973, gitaa la umeme likiwa ndiyo upanga wa kila bendi, hawa wanaliacha chini. Nafasi hiyo ikajazwa na vitu viwili. Besi ya Camp, aina ya Rickenbacker, ikapanda juu ikaimba badala ya kunguruma chini. Na piano ya Tout, aliyefunzwa muziki wa majumba ya simfoni, ikachukua uongozi. Okestra ilipoingia haikumkuta mpiga gitaa wa kugombana naye. Ilikuta kiti kitupu, ikaketi.

Mwanzoni walikopa waziwazi. Kwenye Ashes Are Burning kuna piano iliyotoka kwa Debussy. Kwenye Turn of the Cards ya 1974 kuna kipande cha kinanda cha kanisani cha Jehan Alain, na kuna wimbo uliovaa kabisa ile Adajio inayojulikana kwa jina la Albinoni, ingawa kwa kweli ni kazi ya Remo Giazotto wa karne ya 20. Albamu hiyo hiyo inafungwa na Mother Russia, wimbo uliotokana na habari za mwandishi Mrusi Solzhenitsyn, na humo sauti ya Haslam inapaa bila maneno juu ya okestra. Nadhani hapo ndipo walipogundua wanachoweza. Urusi ilikuwa imeshaingia chumbani kabla ya Shahrazad kubisha hodi.

Basi wakaingia Abbey Road mwaka 1975, studio ile ile ambayo Edward Elgar aliizindua kwa okestra mwaka 1931 na ambayo Beatles waliifanya maarufu. Mpangaji wa okestra alikuwa Tony Cox.

Santuri inafunguliwa na piano peke yake. Tout anapiga kwa muda mrefu, akipita kutoka mwendo mmoja hadi mwingine kama mtu anayefungua vyumba vya nyumba kubwa akitafuta kitu, hadi unaanza kujiuliza kama kuna mwimbaji. Ndipo vicheko vinasikika kwa mbali, halafu Haslam anaanza Trip to the Fair. Chanzo cha wimbo ni kichekesho. Haslam na mwanamuziki Roy Wood, siku ya kwanza kutoka pamoja, waliamua kwenda kwenye uwanja wa pembea na michezo pale Hampstead Heath, London. Walipofika walikuta pamefungwa. Thatcher akachukua kisa hicho chepesi na kukigeuza ndoto ya kutisha: mtu yuko katikati ya uwanja wa sherehe, anasikia sauti, na hakuna mtu. Dakika karibu 11. Ni roki kwa sababu ina ngoma. Ukiondoa ngoma, ni hadithi ya bibi ya jioni, zile zinazoanza vizuri na kumfanya mtoto asitake kwenda chooni peke yake.

Wimbo wa pili, The Vultures Fly High, ni mfupi na una hasira. Tai hao ni wahakiki. Magazeti ya muziki ya London yaliwaona Renaissance kuwa watu wa kujidai, safi kupita kiasi, na bendi ikajibu kwa dakika tatu. Mimi naona ni wimbo dhaifu kuliko yote humo. Ibn al-Nadim alipoisema vibaya Hezar Afsan hakuna aliyemjibu, na hadithi ilimshinda kwa kuendelea kusimuliwa tu.

Kisha Ocean Gypsy. Hapa nitakaa kidogo. Ni wimbo wa dakika saba juu ya mwezi na jua: yeye mwezi anatangatanga juu ya bahari, anampenda asiyeweza kukutana naye, na mapambazuko yanamwacha mtupu. Unaanza na Dunford, nyuzi chache, kama mtu anayejipigia chumbani. Haslam anaimba chini kuliko kawaida yake. Watu humsifu kwa upana wa sauti yake na noti za juu, na kweli anazo, lakini sikiliza anavyoimba pale pasipo na kitu cha kuonyesha. Hatetemeshi sauti wala hakazi. Anasimulia. Ndiyo sauti ya yule mtunza bustani wa Somerset, ya mtu mmoja aliyefunga macho. Kila kinachoongezeka humo kinakuja kumsindikiza, na hata unapojaa haumfuniki. Bendi nyingi za wakati ule zilitaka okestra iwabebe. Hawa waliitaka itembee nyuma hatua mbili.

Sasa ugeuze santuri.

Song of Scheherazade ina sehemu tisa, na majina yake yanakiri deni: kuna kijana mwana wa mfalme na binti wa mfalme, kuna sikukuu, kama kwa Rimsky-Korsakov. Lakini muziki wenyewe ni wao. Mbiu ya tarumbeta inafungua. Unafuata usaliti, kwa okestra tupu: mfalme amekuta mkewe si mwaminifu. Tunamsikia Sultani na kiapo chake. Inakuja sehemu ya mapenzi kwa piano, halafu hadithi anayosimulia Shahrazad mwenyewe, na hapo Haslam anabaki karibu peke yake na sauti inakuwa ya mama anayebembeleza. Yanafuata maandalizi ya sherehe, fugue ya kumtukuza Sultani ambamo sauti zinafukuzana kama watoto kuzunguka nguzo, halafu mji mzima unatoka barabarani, na mwisho Haslam anapanda hadi pale ambapo okestra yote inabidi imfuate.

Ni kazi kubwa na nimeisikiliza mara nyingi. Inanipendeza na inanikera. Inanikera kwa sababu ya hadithi. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela ni mtu mwerevu kuliko wote katika kasri. Anajua watu wanavyongoja, anajua pa kukata, amempanga mdogo wake Dinarzad chini ya kitanda aombe hadithi moja ya mwisho. Shahrazad wa Renaissance ni mrembo, anasimulia, Sultani analainika, sherehe inaanza. Werevu umetoweka. Na Mashariki yenyewe haimo: hakuna udi, hakuna kanuni, hakuna hata maqam moja ya Kiarabu. Ni Baghdad iliyopitia St. Petersburg, ikachukua barua huko Cornwall, ikafika London imechoka. Mtu wa Unguja aliyezoea kusikia fidla za mtindo wa Misri juu ya ngoma za kwao, jambo ambalo Ikhwani Safaa walikuwa wakilifanya tangu mwaka 1905, atajiuliza kwa nini Waingereza hawakupiga hodi kwa wenye hadithi.

Lakini jibu lake ni hilo hilo linalonipendeza. Hawakujifanya. Wengi walioimba juu ya Mashariki miaka ile walitia kengele, sitari na ubani, wakatoka na kitu ambacho si cha huku wala kule. Renaissance walichukua hadithi kama watoto wa Lancashire walivyoipokea, kupitia mchezo wa Krismasi na santuri ya simfoni, wakaiimba kwa lafudhi yao. Ndivyo na sisi tulivyofanya. Ukisoma Alfu Lela Ulela ya Kiswahili, kuna waziri na kadhi na kijicho kama kile cha jirani zetu, na hakuna anayelalamika.

Wamarekani waliusikia wimbo wa Shahrazad kabla hata hawajaweza kuununua. Juni 1975, kwa usiku tatu mfululizo, bendi ilipiga Carnegie Hall, New York, pamoja na wapigaji wa New York Philharmonic, na wimbo huo ukaimbwa wote. Santuri ilitoka mwezi uliofuata, na maonyesho yale yakatolewa kama albamu ya santuri mbili mwaka 1976. Kwa ajabu ya dunia, bendi hii ya Kiingereza kupita zote ilipendwa zaidi New York na Philadelphia kuliko kwao. Kwao, wimbo uliowaingiza kumi bora ulikuja 1978, Northern Lights, nao ni mfupi.

Wakati huo mawimbi yalikuwa yamegeuka, na yaliyowageukia yalitoka nyumbani mwao. Kampuni iliyokuwa ikiwatolea santuri Marekani, Sire, mwaka 1976 ilitoa albamu ya kwanza ya Ramones: nyimbo 14, haifiki nusu saa, yote kwa pamoja si ndefu sana kuliko Shahrazad peke yake. Meneja wao Miles Copeland alihamia kwa vijana wapya na kuja kuiongoza The Police, bendi ya mdogo wake Stewart. Mlango ule ule uliowaingiza ndio uliowatoa. Keith Relf, aliyeianza habari yote, alikufa Mei 1976 nyumbani kwake kwa shoti ya umeme akiwa na gitaa mkononi. Emerson, Lake & Palmer walizunguka Marekani na okestra mwaka 1977, gharama zikawalemea, wakaiacha njiani. Muziki wa kukaa na kusikiliza dakika 24 ukawa kitu cha kuonea aibu.

Lakini haukufa. Mwaka 1997 mpiga gitaa mmoja aliyekuwa ameachana na roki ya kelele alitoa albamu ya nyimbo za mtindo wa zama za kati pamoja na mwimbaji Candice Night. Kati ya nyimbo hizo aliweka Ocean Gypsy. Mpiga gitaa huyo alikuwa Ritchie Blackmore, yule yule aliyenuna mbele ya okestra ya Royal Albert Hall mwaka 1969. Baada ya miaka 28 ya ghasia alikwenda kukaa pale ambapo Dunford alikuwa ameshakaa tangu zamani, na gitaa kavu.

Haslam na Dunford waliirudisha bendi, na mwaka 2011 wakaipiga Scheherazade and Other Stories jukwaani Marekani kutoka mwanzo hadi mwisho. Betty Thatcher alifariki mwaka huo huo. Dunford akamfuata Novemba 2012, na John Tout 2015.

Anayetaka kuijua santuri hii asianze na upande wa pili. Anza na Ocean Gypsy, usiku, simu ikiwa chumba kingine. Sikiliza kwanza gitaa na sauti. Okestra itakapoingia upande wa pili, utakuwa umeshajua inamfuata nani.